Propela isiyo na namba: ipime kabla ya kuifunga

Niliikuta chini ya boksi la vipuri vya mtumba: propela nyeusi, mapanga mawili, maandishi yamefutika kabisa. Kwa macho niliiona ni 10x6 niliyoizoea, yaani kipenyo cha inchi 10 na pichi ya inchi 6. Nikaifunga kwenye ndege yangu ndogo ya mfano, ya betri, nikafungua gesi mpaka mwisho, na muda si muda kidhibiti cha mota kikafuka moshi. Kumbe ilikuwa ya inchi 11. Inchi moja inaonekana ndogo, lakini mota ikizunguka kwa kasi ileile, kutoka 10 kwenda 11 kunadai nguvu zaidi kwa karibu asilimia 46.

Tangu siku hiyo sikisii. Kipenyo ni rahisi: pima ncha hadi ncha kwa milimita, gawa kwa 25.4 upate inchi. Kama panga moja limekatika, pima kutoka katikati ya kitovu hadi ncha nzima, uzidishe mara mbili. Ukiona namba kama 25x15, tulia kwanza, huenda ni sentimita. Graupner ya Ujerumani imeziandika hivyo, na hiyo ni 10x6 ileile.

Kazi iko kwenye pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Laza kitovu sambamba na meza. Weka alama kwenye panga, robo tatu ya njia kutoka katikati kwenda nchani. Hapo pima kimo cha kila ukingo kutoka mezani, utoe kidogo kwenye kikubwa, kisha pima upana wa panga ukilitazama kutoka juu. Kwa propela ya inchi 10, mzingo wa mduara unaochorwa na alama hiyo ni milimita 598. Tofauti ya kimo ikiwa 5 na upana 20, pichi ni 598 × 5 ÷ 20, takriban milimita 150, yaani inchi 6. Ukikosea milimita moja tu ya kimo, jibu linahama zaidi ya inchi nzima, kwa hiyo mimi hupima mapanga yote mawili, tena na tena.

Halafu kagua shina la kila panga. Ukiona mistari myeupe kwenye nailoni, itupe, hata kama ni ya thamani.

Ile ya inchi 11 bado ninayo. Nimeiandika 11x6 kwa wino mweupe kando ya kitovu, na inaruka kwenye mota inayoimudu.