Sinthesaiza za miaka ya 1980 na muziki wa leseni: mpe mhariri mahali pa kukata

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: kwa nini vipande vyako vya ala tupu, vya sinthesaiza za mtindo wa miaka ya 1980, vinasifiwa na watunzi wenzako huku maktaba za muziki wa leseni, zile zinazowauzia watengenezaji wa matangazo na video ruhusa ya kutumia muziki, zikivirudisha, na maoni ya nani uyasikilize. Kwangu hilo ni swali moja. Mtunzi mwenzako anasikiliza sauti ya mashine. Anayenunua leseni anatafuta kitu cha kulaza chini ya picha na maneno ya mtu mwingine. Wote wana masikio mazuri, ila mmoja tu ndiye anayelipa.

Nimesikiliza kipande ulichoweka. Sauti umezichagua vizuri, lakini pedi, zile sauti ndefu laini za kujaza nyuma, ni nzito kuliko zilivyokuwa enzi hizo, na sidhani kama kosa liko kwenye miksi. Sinthesaiza ya Roland Juno-106 ya 1984 ilitoa sauti sita tu kwa wakati mmoja. Prophet-5 ya 1978 ilitoa tano, kama jina lake linavyosema; Jupiter-8 ya 1981, nane. Yamaha DX7 ya 1983 ilikuwa na 16, na kwa wakati ule hizo zilikuwa nyingi. Sasa chukua Juno: shika kodi ya noti nne zinazolia pamoja kwa mkono wa kulia na oktava ya besi kwa mkono wa kushoto, mashine imejaa. Ukihamia kodi ya pili kabla mkia wa ile ya kwanza haujazimika, inabidi inyang'anye noti za zamani ili zile mpya zipate pa kukaa. Huko kunyang'anya ndiko kunakouachia muziki wa zama zile nafasi ya kupumua. Programu ya kompyuta haina shida hiyo, kwa hiyo mikia inarundikana juu ya mikia, nawe unahangaika na ikwalaiza kupunguza masafa yaliyojaa. Programu nyingi za kuiga mashine hizi zina mahali pa kupunguza idadi ya sauti. Weka sita, upige tena kitu kilekile.

La pili ni korasi, ile athari inayorudufu sauti na kuiyumbisha kidogo ili isikike pana. Juno ina osileta (chanzo cha sauti) moja kwa kila sauti, na upana wake mwingi unatokana na vile vitufe vya korasi. Kwenye hedifoni ni raha tupu. Lakini unganisha kushoto na kulia viwe mono, yaani njia moja: baadhi ya masafa yanafutana, pedi inakonda na kuanza kuyumba. Kuna watu watakaosikia tangazo lenye muziki wako kwenye spika moja ya simu. Besi iache bila korasi kabisa, iwe katikati. Ngoma sitazichimba sana; mashine ya ngoma ya TR-808 ya 1980 inatengeneza sauti zake kwa saketi, LinnDrum ya 1982 inacheza ngoma halisi zilizorekodiwa, na riverbu (mwangwi) inayokatwa ghafla kwenye snea, ngoma ile ya mlio mkali, ni mtindo waliouvumisha kina mpiga ngoma Phil Collins na mhandisi wa sauti Hugh Padgham. Chagua moja ubaki nayo. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima akitafuta snea "ya kweli" wakati kinachomkwamisha kiko kwingine kabisa.

Na kiko kwenye umbo. Kipande chako kinaanza na pedi inayopanda taratibu kwa karibu dakika nzima. Kwa albamu, sawa. Msimamizi wa muziki, anayechagua muziki wa kuwekwa kwenye picha na anayepitia vipande vingi mfululizo, hatafika huko. Wazo lako kuu, iwe ni arpejio (kodi inayopigwa noti moja moja) au mstari wa besi, lisikike ndani ya sekunde chache za mwanzo. Baada ya hapo kila mizani (vifungu vya mapigo manne) nane au kumi na sita kitokee kitu kinachosikika wazi: ngoma zinaingia, besi inatoka, kodi inapanda. Hizo ndizo sehemu ambazo mhariri wa video anakatia picha. Zikikosekana analazimika kufifisha muziki katikati ya wazo, na wengi wao hawataki usumbufu huo; wanachukua kipande kingine.

Hapa hesabu inasaidia kuliko kipaji. Kwa kasi ya mapigo 96 kwa dakika, mizani moja ya mapigo manne inachukua sekunde 2.5. Sekunde 30 ni mizani 12 kamili. Kwa mapigo 128 ni mizani 16. Kwa 112 ni 14. Ukichagua kasi ya namna hiyo mapema, toleo la sekunde 30 linajikata lenyewe. Kwa 96 ninachofanya ni hiki: muziki unacheza mizani 11, pigo la kwanza la mizani ya 12 ni kodi moja ya mwisho iliyopigwa kwa uhakika, na sekunde 2.5 zilizobaki ni za mkia kuzimika. Usimalize kwa kufifisha sauti polepole. Mhariri anaweza kufifisha mwenyewe akitaka, lakini mwisho wa kukata hawezi kukutungia.

Sasa melodi. Kwenye kipande chako melodi inapigwa kwa mawimbi ya msumeno, yaani sauti kali, filta ya kuchuja ukali huo ikiwa imefunguliwa karibu yote. Sauti hiyo inajaa kati ya kHz 1 na 4, palepale ambapo sikio linatafuta konsonanti ili lielewe maneno. Msimulizi akianza kuongea, mnagombana. Huna haja ya kuitupa. Toa toleo lenye kila kitu, toleo bila melodi, na toleo bila ngoma, pamoja na vile vifupi vya sekunde 60, 30 na 15. Toleo bila melodi usilichukulie kama makombo. Ukisikiliza matangazo na vipindi kwa makini utaona ni mara ngapi kilicho chini ya maneno ni besi, arpejio na pedi basi.

Tukija kwenye maoni. Ukiuliza "mnaionaje?" utajibiwa "kali sana mkuu" na wawili watakuuliza umetumia sinthesaiza gani. Hawakudanganyi, umewauliza swali la shabiki wakakujibu kishabiki. Mimi siku hizi situmi faili ya sauti peke yake. Nachukua video yoyote ya mtu akiongea, nalaza muziki chini yake kwa kiwango cha kawaida cha usimulizi, natuma bila maelezo, kisha nauliza ni wapi sikio lilitoka kwenye maneno likaenda kwenye muziki. Nataka sekunde, sitaki sifa. Mara moja mwenzangu mmoja aliniletea kipande akilalamika kwamba kinakataliwa na hajui sababu. Nilikilaza chini ya mahojiano ya kawaida. Pale tomu, zile ngoma za kati, zilipoporomoka kuelekea kiitikio, jina la mtu aliyetajwa kwenye mahojiano halikusikika kabisa. Watunzi wote waliokisikia kabla walikuwa wamezisifia tomu hizohizo. Hakuzifuta, alizipeleka kwenye toleo kamili, akaziondoa kwenye lile la usimulizi.

Mtafute pia mtu mmoja anayehariri video kwa kazi, hata kama hajui kodi moja. Mpe matoleo yote uone analishika lipi kwanza. Watunzi wenzako wabaki na kazi yao: tuni, miksi, na hasa kukuambia "melodi hii nimeshaisikia mahali". Swali hilo waulize waziwazi. Wateja wanapenda kuleta wimbo maarufu wa kuigizia, na mtindo, aina za sauti na kasi unaweza kuvikaribia bila tatizo, ila melodi ya mtu ni mali yake.

Na jambo moja ambalo sijaona likitajwa: maoni yanaweza kugeuka kuwa umiliki. Mtu akisema "besi imezidi", hayo ni maoni. Akikutumia mizani nane za melodi mpya ukazitumia, huyo ni mtunzi mwenza. Muziki una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na anayetaka kuuweka kwenye picha anahitaji ruhusa ya zote. Maktaba zinapenda mtu anayeweza kutia saini kwa zote mbili peke yake. Kukiwa na mtu wa pili mnayegawana naye, asilimia ziandikwe na kusainiwa kabla kipande hakijaondoka kwako. Baada ya kulipwa mazungumzo hayo huwa machungu.

Kwa sababu hiyohiyo angalia lupu, vile vipande vilivyorekodiwa tayari vya kurudiarudia. Kutumia sauti iliyomo ndani ya sinthesaiza hakuna shida. Lakini mstari wa melodi uliochukuliwa mzimamzima kwenye pakiti ya lupu wanao maelfu ya watu wengine, hata kama leseni yake inakuruhusu. Mmoja wao akisajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki wenye hakimiliki, mteja wako anaweza kupata dai la hakimiliki kwenye tangazo alilokwisha lipia. Na wewe mwenyewe, kama umekitoa kipande kwa zaidi ya maktaba moja kwa mkataba usio wa kipekee, usikisajili huko kabla ya kuongea nao.

Mirabaha ya utangazaji ni mlango mwingine. Jisajili kwenye chama cha kukusanya mirabaha na usajili kila kazi, kwa sababu malipo hayo yanafuata orodha ya muziki uliotumika inayojazwa na watengenezaji wa kipindi. Jina lako likikosewa humo, pesa hazikujui. Jina, mawasiliano yako, kasi, ufunguo na hisia za kipande viandikwe ndani ya faili yenyewe. Faili ziwe WAV za biti 24 na kHz 48, ambayo ndiyo kawaida ya video. Usizikandamize ili zisikike kubwa: kiwango cha EBU R 128 kinachotumika kwenye utangazaji wa Ulaya kinataka kipindi kizima kisimame kwenye LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukubwa wote ulioupigania utashushwa, utabaki na ngoma zilizobapa.

Kwa kipande chako, anza na kuondoa ile dakika ya mwanzo na kutoa toleo bila melodi. Kasi uliyoandika ni 97. Ishushe iwe 96, kisha kata la sekunde 30. Ukishaweka yote mawili nitayalaza chini ya video ya maongezi na kukuandikia sekunde.