Kereng'ende ndani ya kaharabu: wa kale au wa juzi?

SWALI: Nimeuziwa hapa Dodoma kipande cha manjano, ukubwa wa yai la kuku, ndani kuna kereng'ende mzima katandaza mabawa yote manne. Muuzaji kaapa ni kaharabu ya mamilioni ya miaka, imechimbwa Kondoa. Nitajuaje ukweli? (Msomaji, Area C)

JIBU: Ndugu msomaji, mimi ningeanza na mdudu kabla ya jiwe. Kaharabu ni utomvu wa mti wa kale uliogeuka kama jiwe, na utomvu hunasa zaidi wadudu wadogo: visubi, nzi, sisimizi. Kereng'ende ana macho makali na nguvu, huwinda angani karibu na maji, kwa hiyo kumkuta kwenye kaharabu ni nadra sana, na mara nyingi kilichobaki ni kipande cha bawa tu. Hata kaharabu ya Myanmar, yenye takriban miaka milioni 99, hutoa zaidi jamaa zake wadogo wembamba. Tena aliyenaswa kweli hufa akipigana: miguu imepinda, mabawa yamekunjamana, pembeni mapovu na takataka za magome. Huyo wako kajipanga katikati kama wa picha ya pasipoti. Hapo nina shaka kubwa.

Kondoa nayo inanitia wasiwasi. Miamba yake mingi ni graniti na naisi, iliyoumbika kwa joto ambalo lingeunguza utomvu wowote. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, kanda ya kati vipo, mfano Mahenge ya Singida (si ile ya Morogoro), ambako tope la ziwa la kreta la miaka takriban milioni 46 limehifadhi samaki, vyura, hata popo. Lakini hao wamo kwenye mwamba.

Sasa jipimie. Koroga chumvi kwenye maji hadi igome kuyeyuka, utumbukize kipande. Kikizama, karibu hakika ni plastiki ya kumimina au kioo. Kikielea, weka tone la asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, sehemu isiyoonekana. Kaharabu haitanata. Kikinata, kinaweza kuwa sandarusi ya pwani yetu, ambayo ni utomvu usiokomaa na haufikii mamilioni ya miaka. Ila zipo plastiki zinazoelea na kunata vilevile. Hapo tumia ncha ya sindano ya moto, mbali na mdudu: utomvu hunukia kama ubani, plastiki inanuka plastiki.

Kama bado unadaiwa salio, usilipe kabla ya jaribio la chumvi.