Maswali ya Wasomaji: Usafishaji Uliofuta Mradi

SWALI: Ndugu Mshauri, salamu nyingi kutoka Ujiji. Ninaandika programu ya kutunza hesabu za magunia ya dagaa kwa ajili ya baba yangu mdogo, ambaye ana stoo karibu na mwalo wa Kibirizi. Kazi niliipangia kipindi cha mbalamwezi, wakati wavuvi wa taa wanapumzika naye ana nafasi ya kunielekeza. Juzi usiku niliiamuru programu ya kuunda mradi itengeneze toleo la kupeleka kwenye seva. Ilitangaza kwamba imemaliza salama, lakini nilipofungua folda ya mradi nilikuta mafaili matatu mapya tu pamoja na folda iliyofichika ya .git, ambamo programu ya Git hutunza historia ya msimbo. Msimbo wote haupo, na katika kikapu cha taka hamna kitu. Komiti yangu ya mwisho, yaani nakala ya mwisho niliyoiweka kwenye historia hiyo, ina siku tisa. Je, kazi yangu inaweza kurudi, na kosa ni langu au ni la programu?

Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu yetu wa Ujiji, pole sana. Kwa kuwa jambo la namna hii halisubiri gazeti litoke, tulizungumza kwa simu siku ile ile barua yako ilipotufikia. Hapa ninaeleza kwa kirefu kwa ajili ya wengine.

Chanzo tulikiona mapema uliponisomea faili la mipangilio. Mahali pa kutaja folda ya kupokelea matokeo uliandika nukta moja, kwa sababu seva uliyokodi inataka ukurasa wa mwanzo ukae kwenye folda ya juu kabisa. Kwa kompyuta, nukta hiyo maana yake ni "hapa hapa nilipo". Programu nyingi za kuunda miradi huikomba folda ya matokeo kabla ya kuandika humo, tena kwa sababu ya maana: mafaili yanayotolewa hupewa majina yenye alama inayotokana na yaliyomo, mfano kuu-8c1f.js, na alama hiyo hubadilika kila msimbo unapobadilika, hivyo pasipo kusafisha, mabaki ya wiki nzima yangerundikana na kupelekwa kwenye seva pamoja na mafaili halali. Yako ilikuwa imekwisha kuusoma msimbo na kuuweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ndipo ikasafisha "hapa hapa", ikaandika mafaili yake matatu na kutangaza ushindi. Folda ya .git ilinusurika kwa kuwa baadhi ya programu hizi zimeelekezwa kuiruka.

Kuhusu kosa, nukta ni yako, lakini siwezi kuitetea programu inayoona msimbo chanzo ndani ya folda na bado ikafuta bila kuuliza. Wala hukuwa wa kwanza. Januari 2015 ilibainika kwamba skripti ya Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye mfumo wa Linux iliweza kufuta mafaili yote ya mtumiaji, hata yaliyo kwenye diski ya nje, kwa sababu jina la folda ya kusafishwa lilitoka tupu na amri ya kufuta ikabaki na mkwaju (/) peke yake, yaani mzizi wa mfumo mzima.

Sasa tuje kwenye kurudisha, ambako utaratibu wa hatua ni muhimu kuliko haraka. Kwanza nakili folda ya .git kwenye flashi kabla ya kugusa chochote. Kisha toa amri ya git restore na nukta (safari hii nukta ni rafiki). Amri hiyo huchukua mafaili kutoka sehemu ya maandalizi ya Git, ambako mafaili husubiri kuingizwa kwenye komiti, si kutoka kwenye komiti yenyewe, kwa hiyo lolote uliloliongeza kwa git add ndani ya siku tisa hizo hurudi katika hali uliyoliongeza. Wengi hukimbilia git reset --hard, na hapo huyatupa maandalizi hayo kwa mkono wao wenyewe.

Yaliyobaki tafuta kwenye kihariri chako. Visual Studio Code, tangu toleo la 1.66 la Machi 2022, huweka nakala kila unapohifadhi faili, tena nje ya mradi. Kwenye Linux zimo ndani ya ~/.config/Code/User/History. Utakuta folda nyingi zenye majina yasiyosomeka, lakini katika kila moja mna faili liitwalo entries.json linalotaja njia ya faili la asili. Msomaji wetu alitafuta humo neno "magunia" na kupata ukurasa wa mapokezi kama ulivyokuwa dakika chache kabla ya balaa.

Diski yenyewe usiitegemee sana. Kikapu cha taka ni cha mfumo wa madirisha, nayo programu ilifuta moja kwa moja. Kwenye diski ya SSD mfumo huiarifu diski nafasi zilizoachwa wazi, na baada ya hapo hata PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, haiambulii kitu. Ukitaka kujaribu, washa kompyuta kwa flashi, na usisakinishe chochote kwenye diski hiyo.

Hadi tunakwenda mitamboni, msimbo ulikuwa umerudi karibu wote. Matokeo sasa huandikwa kwenye folda ya dist, na kuyapeleka kwenye seva ni hatua ya pekee. Kwa kuwa intaneti ya msomaji wetu haiaminiki, kila jioni hufanya komiti na kuweka nakala ya historia yote kwenye flashi kwa amri ya git bundle.

Kilichopotea ni hifadhidata, ambayo ilikaa ndani ya folda ile ile huku Git imeambiwa isiitazame. Kama seva ya majaribio ingekuwa bado inaendeshwa, faili lingeweza kunakiliwa kutoka /proc, folda ambamo Linux huonyesha programu zinazoendeshwa na mafaili ziliyoyafungua, kwa kuwa Linux hailiachi faili lililofutwa mpaka programu iliyolifungua ilifunge. Lakini kompyuta ilikwisha kuzimwa na kuwashwa mara mbili. Karani wa stoo ana daftari la mapokezi, na msomaji wetu anaingiza magunia upya, ukurasa kwa ukurasa.