Maswali na majibu: maji chini ya mgodi wa makaa

Wiki hii ni makaa ya mawe tu. Maswali yamejaa na mengi yanafanana, nimechagua haya.

Nimekutumia picha ya maji ya kijito chetu kwenye glasi, ni meupe kabisa, tunaweza kunywa?

Picha haipimi kitu. Maji yenye asidi mara nyingi ni maangavu kuliko ya kijito cha kawaida, kwa sababu asidi inafanya udongo ushikane na kuzama chini. Nimeshalisema hili sana, jamani acheni kutuma glasi.

Mawe ya kijito yamekuwa rangi ya machungwa na yanateleza. Ni kutu ya mabomba?

Kwenye makaa kuna madini ya pairaiti, yani chuma na salfa. Mwamba ukivunjwa ukakutana na hewa na maji inatoka asidi, salfeti (salfa iliyoyeyuka kwenye maji) na chuma, halafu chuma ndiyo kinaganda kwenye mawe. Pima pH hapo (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda), pima na juu ya mgodi, kule maji yanakotoka kabla ya kuufikia, na ukumbuke kushuka kutoka 6 hadi 4 sio "pointi mbili tu" kama mlivyoniandikia, ni asidi mara 100.

Mgodi wametuletea karatasi ya maabara, salfeti ni 50 mg/l (miligramu kwa lita), wanasema iko ndani ya kiwango. Tuamini?

Namba inaweza kuwa ya kweli na bado isikwambie kitu. Ulizeni siku hiyo mto ulikuwa na maji kiasi gani. 50 mg/l kwenye kijito cha lita 10 kwa sekunde ni kama kilo 43 za salfeti kwa siku, 50 hiyo hiyo mto ukiwa na lita 1,000 kwa sekunde ni zaidi ya tani 4. Karatasi ni ile ile! Mvua ikizimua maji mgodi unaonekana msafi wakati ndiyo unamwaga mzigo mkubwa zaidi, ndiyo maana karatasi isiyo na mtiririko mimi siipokei, na nyinyi msiipokee. Ulizeni pia sampo imechukuliwa wapi, kama hakuna ya juu ya mgodi hamna cha kulinganisha, na kama zote ni za kiangazi mmekosa mvua za kwanza ambazo ndizo zinasomba kila kilichojikusanya kwenye vifusi. Kule Carolina, Mpumalanga, Afrika Kusini, Januari 2012 mvua kubwa ilisukuma maji ya asidi kutoka eneo la migodi ya makaa yakaingia bwawa la Boesmanspruit, mji ukakaa miezi bila maji ya bomba ya kunywa. Na nyie wa Mbinga, maji ya mto Ngaka yanaenda mto Ruhuhu, Ruhuhu unamwaga Ziwa Nyasa, kwahiyo hili sio la kijiji kimoja.

Kupima mtiririko si mpaka wataalamu na mashine?

Hapana. Kijito kidogo kizibe kwa ubao wenye pengo la V la nyuzi 90, upime kwa rula kimo cha maji juu ya ncha ya V, ukisimama nyuma kidogo ya ubao, upande maji yanakotoka. Sentimita 10 ni karibu lita 4.4 kwa sekunde, sentimita 20 ni karibu 25, kimo kimezidi mara mbili tu ila maji mara tano na zaidi, kwahiyo usisome rula kwa kukisia. Mto mkubwa tupia kijiti, hesabu sekunde kwa mita 10, kasi hiyo zidisha 0.85 halafu zidisha eneo la mkato wa mto, yani upana mara kina cha wastani.

Wamemwaga chokaa, pH imefika 7. Yameisha?

Hayajaisha. Chuma kinashuka, salfeti nyingi inabaki, manganizi nayo, metali nyingine, ili ishuke inataka pH ya juu zaidi ya hapo.

Kisima chetu kimeshuka tangu waanze kuchimba, ni wao?

Inawezekana, shimo likipampiwa linavuta maji ya ardhini ya pembeni. Ila ukame nao unashusha. Pima kina kwa kamba kila wiki, pima na kisima cha mbali na mgodi, andika mvua, halafu dai vipimo vya kabla ya mgodi kuanza. Kijiji ambacho mgodi bado haujaanza, anzeni kupima leo, mkichelewa hamtavipata tena.

Malalamiko tupeleke wapi?

Bodi ya maji ya bonde lenu, na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwa maandishi, yenye tarehe na vipimo.

Nilichukua sampo Ijumaa kwenye chupa ya soda, Jumanne nikaipeleka maabara, majibu hayaingii akilini.

Mwaga, chukua upya. pH inapimwa pale pale mtoni, chupa omba maabara, ile ya kupimia metali watakupa yenye asidi ya naitriki ndani usiisuuze, zote ziende kwenye boksi la barafu siku hiyo hiyo, na kabla hujaondoka mtoni soma rula ya kwenye ubao wa V, upate mtiririko wa siku hiyo.