Kampa imekata kushoto, Noah ikapenya ubavuni: kosa ni la nani?

SWALI: Kaka mkadiria wa hasara za ajali, habari za kazi. Mimi ni dereva wa kampa hapa Tanga, Canter iliyojengewa chumba nyuma, vitanda viwili na jiko la gesi, urefu mita 7 kasoro kidogo. Jumamosi nilikuwa nawapeleka wageni kwenye magofu ya Tongoni kwa barabara ya Pangani. Nilipofika njia panda niliwasha indiketa ya kushoto, nikajitanua kulia kidogo maana njia ya kuingilia ni nyembamba, kisha nikakata. Noah iliyokuwa nyuma yangu ikapenya kushoto, tukakwaruzana. Ubavu wangu wa kushoto umeharibika baina ya tairi la nyuma na dirisha la jikoni, na indiketa ya ubavuni imevunjika. Hakuna aliyeumia. Mwenye Noah anasema sikuwasha indiketa, alidhani naenda kulia, na anataka tuandikishane kwamba nitamlipa. Bosi wangu anasema gari kubwa ndilo huwa na kosa siku zote. Fundi yuko tayari kuanza kazi. Kosa ni la nani?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na nashukuru Mungu wageni wako wazima. Kwanza kabisa mpigie fundi simu sasa hivi, mwambie asiguse gari. Asinyooshe bati, asioshe ubavu, na ile balbu iliyovunjika asiitupe. Ushahidi wako wote upo pale.

Neno la bosi wako lisikutishe. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haipimi kosa kwa ukubwa wa gari. Hata ule usemi wa vijiweni kwamba aliyetoka nyuma ndiye mkosaji ni pa kuanzia tu. Kinachotafutwa ni nani alikuwa wapi wakati gari lako lilipoanza kukata, na kila mmoja angeweza kuona nini.

Hapo umbo la kampa lina maana kubwa. Gari refu likikata kona, matairi ya nyuma hayapiti palipopita ya mbele, huvuta ndani. Chukua gari ambalo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pana mita 4. Ekseli ya mbele ikizunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 7, ya nyuma itapita zaidi ya mita 1 ndani yake. Ndiyo maana ulijitanua kulia, na hukukosea kufanya hivyo. Lakini ulipojitanua uliacha uwazi upande wa kushoto, na kwa aliye nyuma uwazi ule unafanana na njia. Kwa hiyo uwazi ni wako na kuulinda ni juu yako: unajisogeza karibu na ukingo mapema, unapunguza mwendo, unatanua kidogo tu pale inapobidi, na unatazama kioo cha kushoto tena wakati unaanza kukata. Kutazama ulipowasha indiketa peke yake hakutoshi. Usukani wa Canter uko kulia, na chumba nyuma yako kinakuziba. Bila kile kioo, upande wa kushoto huuoni.

Mwenye Noah naye ana la kujibu. Gari lililo mbele likipunguza mwendo kwenye njia panda na kuyumba kulia huku indiketa ya kushoto inawaka, dereva makini anangoja alielewe. Kulipita kushoto kwa kukisia ni kujitia hatarini. Yote yanasimama juu ya swali moja: indiketa iliwaka au haikuwaka?

Kama indiketa yako ni ya balbu ya kawaida, yenye waya mwembamba ndani, itazame kwa kioo cha kukuzia. Waya uliokuwa umewaka huwa laini kwa joto, hivyo ukipata kishindo hunyooka, hupinda, au hulegea kama uzi uliovutwa. Uliokuwa baridi hukatika kavu, ncha zake zikiwa safi. Na kioo cha balbu kikivunjika waya ukiwa bado una moto, hewa huuchoma, unabaki na ungaunga mweupe au wa manjano. Indiketa huwaka na kuzimika, ni kweli, ila katika kule kuzimika kufupi waya haupoi kabisa. Kama kishindo kilikuwa kidogo na waya ukabaki mzima bila kupinda, balbu haitasema kitu, wala isitumike kukuhukumu. Taa za LED nazo hazina waya wa kusomwa. Niliwahi kupewa gari ambalo fundi, kwa nia njema kabisa, alikwishaweka taa mpya akatupa ya zamani. Dereva yule ninaamini alikuwa mkweli, lakini sikuwa na cha kumshikia.

Sasa mikwaruzo. Kujua ilipo hakutoshi, ni lazima tujue imekwenda upande gani. Kama Noah ilikuwa na kasi kukuzidi, mkwaruzo kwenye ubavu wako umeanza nyuma kwenye tairi ukaja mbele, maana yake ilikukuta umekwisha kuingia konani. Kama umeanza kwenye dirisha ukarudi nyuma, basi Noah ilikuwa imesimama au inatambaa, na wewe ndiye uliyeilalia. Hadithi hizo mbili zina malipo tofauti kabisa.

Piga picha za karibu jua likiwa pembeni, asubuhi au jioni. Rangi iliyochunwa hurundikana upande mkwaruzo unakoishia. Tazama mpira wa dirisha la jikoni umevutwa kuelekea wapi. Kisha chunguza vichwa vya ribiti vya bati la ubavuni, kimoja kimoja: rangi ya Noah ikiwa imenata upande wa kichwa unaotazama nyuma, ilikuja kutoka nyuma. Halafu omba kuiona Noah, au mkadiria wa bima yake aipige picha. Ikiwa ndiyo iliyokuwa na kasi, alama zake zitaanzia kona ya mbele kulia zikirudi nyuma. Magari yote mawili lazima yaseme jambo moja.

Kwa maelezo yako, na alama zikiunga mkono, ningeweka sehemu kubwa ya kosa kwa Noah. Yote nisingemwekea, kwa sababu hukuniambia popote kwamba ulitazama kioo cha kushoto ulipoanza kukata. Kama ulitazama, liandike kwenye maelezo yako. Kama hukutazama, usiliongeze. Madai ya fidia hugawika, kila mtu na fungu la uzembe wake, na trafiki kumwandikia mmoja kosa hakufungi mlango kwa mwingine.

Kuandikishana usikubali. Mikataba ya bima kwa kawaida inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni, ukifanya hivyo wanaweza kukuacha peke yako. Faini nayo usiilipe kwa kutaka tu mambo yaishe, karatasi ile itasomwa kama kukiri. Kama gari lina bima kubwa, peleka taarifa leo. Kama ni bima ndogo, matengenezo yako hayamo, utadai kwa bima ya Noah. Hakiki stika yake ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kabla hujahangaika. Polisi utahitaji taarifa ya ajali, PF 90, na ya ukaguzi wa gari, PF 93. Uliza pia kama mchoro wa eneo unaonyesha vipimo kutoka kitu kisichohama, nguzo au kalvati, na udongo ulioanguka chini ya magari ulikuwa wapi, kwa kuwa huo hudondoka palepale yanapogusana. Kama hayo hayamo kwenye mchoro, rudi pale njia panda kesho asubuhi na futi kamba kabla mvua haijanyesha. Wageni wako waombe picha za simu kabla hawajaondoka Tanga.

Balbu itie kwenye kikopo chenye pamba, uniletee.