Wanafunzi wanaosoma vizuri lakini hawatafakari

Mwalimu mwenzangu, umeeleza kwamba wanafunzi wako wa darasa la tano husoma kwa sauti bila kukwama, lakini ukiwauliza "kwa nini" huinamisha vichwa. Kwa maoni yangu kasoro haiko kwao, bali iko katika maswali tuliyowazoesha, ambayo majibu yake huokotwa moja kwa moja kutoka kwenye aya.

Chukua hadithi ya kima na papa, ambayo huenda wengine wameisikia nyumbani. Wasome hadi pale papa, wakiwa katikati ya bahari, anapomwambia kima kwamba sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima, kisha wafunge vitabu na kila mmoja aandike sentensi mbili: kima atafanya nini, na ni jambo gani katika hadithi linalomfanya mwanafunzi adhani hivyo. Wakishamaliza hadithi, wayarudie waliyoandika na waeleze ni wapi walibadili mawazo na kilichowabadilisha. Sentensi hizo usizitie kalamu nyekundu, kwa sababu mtoto anayeogopa kukosea hataandika anachofikiri. Waulize pia kwa nini papa aliitoa siri yake mapema, swali ambalo hata mimi sina jibu lake moja.

Ukishauliza, nyamaza kidogo kabla ya kumchagua wa kujibu. Kwa darasa la wanafunzi 70, wajadiliane kwanza wawili wawili. Kitabu kimoja kinawatosha wawili hao.