Tangawizi Kwanza, Maziwa Mwisho

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleykum. Ujumbe wako nimeusikia. Unasema huko Leeds majani yanapukutika, jua linawahi kuzama, na kila ukijipikia chai ya tangawizi maziwa yanakatika, yakabaki mabonge na maji. Unauliza kama maziwa ya huko ndiyo mabaya, na ni kinywaji gani kingine cha kukupasha mwili moto jioni.

Maziwa hayana kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa. Wachina wa Guangdong hukitumia hicho hicho kugandisha maziwa ya moto wakala kama kitindamlo. Kwenye maji yanayochemka kimeng'enya hicho huharibika, nguvu yake ikaisha. Kwa hivyo tangawizi na maziwa zisikutane mpaka tangawizi iwe imeiva.

Ponda kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kitie kwenye vikombe 2 vya maji, kichemke dakika 5 hata 10, mpaka maji yabadilike rangi na harufu ikupige puani. Hapo tia iliki 4 ulizozipasua kwenye kinu, karafuu 2 na kijiti cha mdalasini. Viungo vikishatoa harufu, tia majani ya chai, dakika 2 tu, kisha kikombe 1 cha maziwa. Yakipanda mara moja, epua. Majani yakikaa sana motoni chai inakuwa kali ya kukwaruza ulimi, na hapo hata sukari haiokoi kitu.

Iliki nunua nzima, ya kijani. Ile ya kusagwa inapoteza harufu upesi, hata mkebe uwe umefungwa vipi. Mdalasini nao uangalie: mwingi unaouzwa Ulaya ni ule mnene, mgumu, wenye gome moja lililojikunja. Huo una kemikali iitwayo kumarini, ambayo ikizidi kila siku huweza kudhuru ini. Wa Sri Lanka ni mwembamba, magome mengi yamekunjana pamoja, unavunjika kwa vidole. Ukitaka kunywa kila jioni, tafuta huo.

Sasa kahawa tungu, ile chungu isiyo na sukari, maana najua ndiyo unayoikosa zaidi. Unakumbuka wauzaji wa Mji wa Kale wanavyoliweka dele, lile birika la kahawa, juu ya makaa, kahawa ikaiva polepole mpaka ile harufu ya tangawizi ikakutangulia kona nzima? Tangawizi hiyo ni kavu, imepondwa. Haikaushwi ili isioze tu: tangawizi ikikauka, sehemu ya ukali wake hubadilika ikawa kali zaidi, na ndiyo sababu kikombe kile kidogo kinakuchoma koo mpaka kifuani. Dele huna, sufuria ndogo inatosha. Maji vikombe 2, vijiko 2 vya kahawa iliyosagwa, nusu kijiko cha tangawizi kavu, iliki kidogo, moto mdogo, dakika 10. Itulie machicha yashuke chini, umimine taratibu bila kulitikisa sufuria. Sukari usitie. Tafuna tende au kashata. Lakini usiinywe usiku ukitaka usingizi.

Kwa usiku kuna mchaichai. Huku nakata majani nyuma ya nyumba nayafunga fundo. Huko watakuuzia shina tu, basi ponda ile sehemu nyeupe ya chini. Chemsha kidogo, zima moto, funika dakika 10. Kufunika ndiko muhimu, kwa sababu harufu yake ni mafuta mepesi yanayoondoka na mvuke. Zaatari, yale majani makavu ya harufu, nayo ni hivyo hivyo, ila hiyo usiichemshe kabisa, imwagie maji ya moto tu. Asali itie kinywaji kikishapoa kidogo, na kama rafiki yako mwenye kitoto atakutembelea, mtoto hajafika mwaka 1 asipewe asali hata tone.

Yale matufaha uliyopewa na jirani usiyaache yaoze. Yakate, yachemshe na mdalasini, karafuu 3 na ganda la chungwa, moto mdogo, uchuje. Hicho ni kinywaji cha wenyeji wa huko msimu huu, na kwa karafuu zetu naona kitakupendeza.

Jambo moja nakusisitizia: hivi vinapasha mwili na kulainisha koo, haviponyi kifua. Hicho kikohozi ulichokitaja kikiendelea wiki ya tatu, nenda kwa daktari. Na ukiandikiwa dawa za kuzuia damu isigande, mwambie kwamba unatumia tangawizi nyingi.

Niandikie iliki za huko bei gani. Kama ni ghali nitapita sokoni Marikiti nikununulie na tangawizi kavu, nimpe shangazi yako azibebe akija.

Mamako,
Mombasa